Bahari ni kubwa, Mheshimiwa, lakini dema zangu ziko wapi?

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa mradi wa kuongeza kina cha mlango wa bandari,

Natumai feni ya ofisini yazunguka. Mimi ni mvuvi wa dema. Mwezi uliopita, bamvua lilipopita, nilirudi mlangoni mwa hori kuopoa dema kumi na sita. Maboya yanaelea, kamba hazivutiki. Mwanangu akazamia, akaibuka na tope jeusi mpaka kiwikoni. “Baba, chini bapa.”

Nilipofika kwako, kijana wa mapokezi alinijibu: “Mzee, bahari ni kubwa.” Ahsante. Miaka arobaini majini na sikuwa nimeambiwa.

Ukubwa haunisaidii. Pale palikuwa na migongo ya mchanga, mmoja nyuma ya mwingine, mingine inanizidi kimo. Mkondo hupandisha chembe upande ulioinama, zikaporomoka upande mkali, na mgongo ukasogea taratibu. Baina yake kuna mabonde. Maji hutulia kidogo, chakula hutuama, changu hukaa. Dema hutegwa bondeni. Marehemu babangu alinifunza kuyatafuta mabonde hayo kwa bildi, gizani, bila kuona chochote.

Sasa meli yenu yanyonya tope bandarini, yaja pale, yafungua tumbo. Mabonde yamejaa. Na mchanga uliochanganyika na tope hunata. Mkondo hauusombi kama zamani, migongo haiinuki tena. Chini bapa, Mheshimiwa. Jarife la jirani nalo lilikatwa na rafadha yenu, na maji ni rangi ya chai ya maziwa, lakini hayo tuyaache.

Uholanzi, kwenye mlango wa Westerschelde, mwaka 2004 walimwaga mita za ujazo 500,000 za mchanga kwenye ncha ya fungu la Walsoorden, tena wakipima chini kabla na baada. Hapa nani alipima? Sheria yetu ya mazingira ya 1999 yataka tathmini. Najua mlifanya, nilikuwepo mkutanoni: soda moja, sahihi mbili, na ramani ambayo bahari yote imepakwa buluu, kana kwamba chini hakuna kitu. Ndivyo nionavyo miradi ya pwani hii. Mvuvi huitwa kutia sahihi, kisha huambiwa aende mahakamani, kama wenzetu wa Lamu, walioamuliwa kulipwa fidia ya shilingi bilioni 1.76 na Mahakama Kuu mwaka 2018, baada ya kesi ya miaka.

Mimi miaka hiyo sina. Hamisheni jaa lenu. Nionyesheni vipimo vya chini vya kabla na vya sasa. Lipeni dema kumi na sita.

Ya kumi na saba iko uani, nimeisuka nusu. Nipe jibu niimalize, ama niwaachie kuku watagie.

Wako mtiifu, kwa sasa,
Mvuvi wa hori