Dawa za damu: Mgonjwa wa Ijara kati ya kiharusi na kuvuja damu

KWA mgonjwa wa moyo anayeishi Hulugho au Sangailu, katika eneo la Ijara, kaunti ya Garissa, dawa ya kuzuia damu isigande ni rahisi kumeza lakini ni ngumu kuifuatilia. Kidonge huwa kimoja kwa siku. Kinachohitaji maabara, vifaa, mhudumu aliyefunzwa na nauli ni kipimo cha damu kinachoonyesha iwapo kidonge hicho kinamlinda mgonjwa au kinamhatarisha. Kutoka Masalani, makao makuu ya Ijara, hadi hospitali ya rufaa mjini Garissa ni zaidi ya kilomita 100. Kutoka Garissa hadi Nairobi kuna zaidi ya kilomita 350 nyingine.

Ugonjwa unaozungumziwa hapa ni wa mapigo ya moyo kukosa mpangilio. Vyumba vya juu vya moyo, badala ya kujikaza na kulegea kwa pamoja, hutetemeka ovyo. Damu hutuama humo, na damu iliyotuama huganda. Donge moja likichomoka na kufika ubongoni, mgonjwa hupata kiharusi. Utafiti wa Framingham nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 1991, ulionyesha kwamba tatizo hili huongeza hatari ya kiharusi takriban mara tano. Palipo na vali zilizoharibika, hatari huzidi hapo. Baadhi ya wagonjwa huhisi moyo ukienda mbio. Wengine hawahisi lolote hadi siku wanapoamka mkono mmoja ukiwa hauinuki.

Bara letu halimo salama. Uchunguzi uliofanywa katika nchi 47 na kutangazwa mwaka 2016 uliwafuata wagonjwa wa aina hii waliofika katika vyumba vya dharura. Barani Afrika, wagonjwa 89 kati ya 1,137, yaani asilimia 8, walipata kiharusi katika muda wa mwaka mmoja. Kiwango hicho kilikuwa miongoni mwa vilivyo juu kabisa duniani.

Dawa ya kale zaidi ya kumeza ambayo ingali inatumika kwa wingi ni warfarini, na historia yake itamgusa mfugaji yeyote. Katika miaka ya 1920, ng'ombe wa Canada na wa kaskazini mwa Marekani walianza kufa kwa kuvuja damu baada ya kula majani yaliyooza. Mwezi wa Februari 1933, mkulima mmoja wa jimbo la Wisconsin alisafiri takriban kilomita 300 katika dhoruba ya theluji akiwa na mtamba aliyekufa, majani hayo, na kopo la maziwa lililojaa damu iliyokataa kuganda. Aliwafikia wanakemia wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, na kundi la Karl Paul Link likaitafuta sumu hiyo hadi likaipata. Kutokana na kazi hiyo ilitengenezwa warfarini, ambayo iliuzwa kwanza kama sumu ya panya mwaka 1948, kisha ikaidhinishwa kwa binadamu mwaka 1954.

Watu wa Ijara hawahitaji kuelezwa maana ya mnyama anayetoka damu. Homa ya Bonde la Ufa, ambayo wafugaji wa Kisomali huiita sandik kwa sababu ya damu inayotoka puani, iliikumba Garissa mwishoni mwa 2006 na kuua zaidi ya watu 100 nchini Kenya kabla ya kudhibitiwa mwaka uliofuata. Si ajabu basi kwamba mtu anayeambiwa ameze dawa itakayofanya damu yake ichelewe kuganda huingiwa na hofu.

Hofu hiyo ina msingi. Warfarini ikitumiwa vyema hupunguza viharusi kwa karibu thuluthi mbili, lakini mpaka kati ya dozi inayofaa na inayodhuru ni mwembamba. Kipimo kiitwacho INR kinatakiwa kukaa kati ya 2 na 3 kwa wagonjwa wengi. Kikishuka chini ya 2, damu huganda. Kikipanda kupita kiasi, tumbo au ubongo huweza kuvuja damu. Na kipimo hiki hakitulii. Mgonjwa aliyezoea maziwa na nyama kijijini, akihamia mjini na kuanza kula sukuma wiki kila siku, huongeza vitamini K ambayo huipinga dawa. Septrin na Flagyl, zinazonunuliwa madukani kama peremende, huipandisha nguvu. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha. Dawa za maumivu kama diklofenaki, hata bila kubadilisha kipimo, huongeza uwezekano wa tumbo kuvuja damu.

Kwa sababu ya hofu hiyo, wapo wanaopewa aspirini wakidhani ni njia ya kati. Huku ni kujifariji tu. Utafiti wa mwaka 2011 uliowalinganisha wagonjwa 5,599 wasioweza kutumia warfarini ulionyesha kwamba waliopewa aspirini walipata kiharusi au donge katika kiungo kingine kwa kiwango cha asilimia 3.7 kwa mwaka. Waliotumia dawa mpya ya apiksabani walikuwa asilimia 1.6, na tofauti ya kuvuja damu sana kati ya makundi hayo ilikuwa ndogo.

Dawa hizi mpya hazihitaji INR. Katika utafiti mwingine wa mwaka huohuo, uliowahusisha watu 18,201, kuvuja damu sana kulikuwa asilimia 2.13 kwa mwaka kwa waliotumia apiksabani na 3.09 kwa waliotumia warfarini. Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za kundi hili katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019. Mtu angedhani jibu la Ijara limepatikana: achaneni na maabara, leteni vidonge vipya.

Hapo ndipo mambo yanapogeuka. Katika nchi zetu wagonjwa wengi si wazee wenye shinikizo la damu pekee. Wapo vijana na kina mama ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, inayoanza kwa maambukizi ya koo utotoni yasiyotibiwa. Utafiti wa INVICTUS, uliofanywa katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, uliwachunguza wagonjwa 4,531 wa namna hiyo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 50 na zaidi ya asilimia 70 walikuwa wanawake. Matokeo yake, mwaka 2022, yaliwashangaza wengi: waliotumia rivaroksabani, moja ya dawa mpya, walikufa kwa wingi zaidi kuliko waliobaki na dawa za aina ya warfarini, na kuvuja damu hakukutofautiana kwa kiasi cha maana.

Kwa hiyo mama wa Ijara mwenye vali zilizobanwa na baridi yabisi hawezi kuruka maabara kwa kubadilishiwa kidonge. Akitaka kushika mimba, tatizo huongezeka, maana warfarini yaweza kumdhuru mtoto tumboni na huenda akahitaji sindano kwa muda, jambo linalopasa kupangwa na daktari mapema.

Maoni yetu ni kwamba maabara ndiyo inayopaswa kumfuata mgonjwa. Vipo vifaa vidogo vinavyopima INR kwa tone la damu ya kidole, na majibu hutoka baada ya dakika chache. Katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, wafamasia wamesimamia kliniki ya dawa hizi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa kazi hiyo yawezekana hapa nchini. Sioni kwa nini mfamasia au muuguzi wa Masalani asifunzwe vivyo hivyo, akawa akimpigia simu daktari wa Garissa dozi inapohitaji kubadilishwa. Tusisahau kwamba mwishoni mwa 2023, na tena Aprili 2024, mafuriko ya Mto Tana yalikata barabara kati ya Garissa na Nairobi pale Madogo. Damu ya mgonjwa haingoji maji yapungue.

Wakati huohuo, aliye na dawa hizi asiziache ghafla kwa kusikia uvumi, kwani kiharusi huweza kumjia. Amwambie kila muuza dawa, na hata mpiga hijama, kwamba anazitumia. Mwezi wa Ramadhani, anayemeza rivaroksabani aimeze pamoja na futari, maana huhitaji chakula, naye wa apiksabani aulize jinsi ya kugawa dozi zake mbili kati ya futari na daku. Choo kikiwa cheusi kama lami, mkojo ukiwa na damu, au akijigonga kichwa hata bila jeraha, aende hospitali siku hiyohiyo.