Pikipiki Hununuliwa kwa Breki

Ndugu yangu unayejiandaa kununua pikipiki mpya, nakuomba unisikilize kabla hujahesabu fedha mezani. Nimewasindikiza wengi dukani, watoto wa ndugu zangu na majirani, na kila mara naona jambo lile lile. Mnunuzi hulipapasa tangi kama mtu aliye mnadani mbele ya ng'ombe. Huuliza lita moja inakwenda kilomita ngapi. Hukalia kiti, hutikisa keria, huwasha taa, na akionyeshwa tundu la kuchajia simu uso wote hukunjuka. Mwisho hubana mkono wa breki mara moja, pikipiki ikiwa juu ya stendi, akaona unabana, basi. Kitu cha kumrudisha salama kwa wanawe kimekaguliwa kwa sekunde moja, tena chombo kikiwa kimesimama.

Watengenezaji wanatujua hivyo tulivyo. Kiwanda kikitaka kuteremsha bei hakigusi rangi, maana rangi huonekana. Kinagusa kile ambacho mnunuzi hakiulizii. Ndiyo sababu pikipiki nyingi za kazi zinazouzwa kwetu, zile za cc 100 hadi 150, zina breki ya dramu hata gurudumu la mbele: breki shuu mbili ndani ya kikombe cha chuma, zikivutwa na waya. Breki ya diski inayosukumwa na mafuta si ngeni duniani. Honda waliiweka mbele ya CB750 yao mwaka 1969, na leo hata pikipiki ndogo huweza kufungwa breki hiyo. Haifungwi kwa sababu ina gharama, na sisi hatujaidai.

Kwa nini naing'ang'ania ya mbele? Mtazame abiria aliyesimama ndani ya daladala dereva akikanyaga breki ghafla: anatupwa mbele. Uzito wa pikipiki nao, pamoja na wa dereva na wa abiria, hukimbilia mbele vivyo hivyo. Tairi la mbele linakandamizwa barabarani likashika vizuri, na la nyuma linapungua uzito hadi likaanza kuteleza. Kwa hiyo kwenye lami kavu sehemu kubwa ya kazi ya kusimama ni ya gurudumu la mbele. Anayetegemea la nyuma peke yake anaweza kuhitaji karibu mara mbili ya umbali ili asimame. Na kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa pikipiki hukata karibu mita 17 kila sekunde. Mtoto anayevuka barabara akifuata mpira yuko ndani ya mita hizo.

Tena nguvu ya mwendo haiongezeki sawasawa na mwendo. Ukitoka kilomita 30 kwenda 60 nguvu ambayo breki inapaswa kuimeza huwa mara nne. Nguvu hiyo yote inageuka joto. Diski iko wazi, upepo unaipoza, maji yakiigusa pedi huyafuta mara moja. Dramu imefungwa. Joto likizidi chuma chake kinatanuka na kuzikimbia breki shuu, mkono unazidi kukaribia usukani, na chombo hakisimami.

Masika moja nilisimama Soni, kwenye ile barabara inayoshuka kutoka Lushoto hadi Mombo, kona juu ya kona. Kijana mmoja alikuwa ameegesha pikipiki ukingoni, magunia mawili ya viazi nyuma, anamwagia maji gurudumu la nyuma kwa chupa. Maji yalichemka yakaruka, na harufu ya breki iliyoungua ilinifikia kabla sijamfikia mwenyewe. Akaniamkia, nikaitikia, nikainama kutazama. Waya wa breki ya mbele ulikuwa umefunguliwa na kufungwa kwenye shoku kwa kipande cha mpira wa tyubu. Nyuma, kwenye kile kishale kidogo kilicho karibu na mkono wa dramu, ambacho watu wengi hawajui kazi yake, aliponibania breki kilipita kabisa alama yake. Maana yake breki shuu zimekwisha.

"Mbona huu wa mbele umefunguliwa, mwanangu?"

"Ya mbele inabinua, mzee. Fundi alisema niitoe. Na hata ilipokuwepo haikuwa ikikamata kitu."

Maneno yake ya mwisho ndiyo yaliyonikaa moyoni. Tumezoea kuwalaumu vijana kwamba hawajui kutumia breki ya mbele. Lakini mtu aliyepewa tangu siku ya kwanza breki ya mbele isiyo na nguvu atajifunzia wapi kuitegemea? Mkono wake unauzoea udhaifu ule, mguu wake unazoea kufanya kazi yote, mpaka siku moja waya ukifunguliwa haoni kilichopungua. Yule kijana alikuwa pia amezima injini na kutoa gia mteremkoni ili kuokoa petroli, na hivyo akajinyima hata ule msaada wa gia wa kuzuia mwendo. Magunia mawili, yeye mwenyewe, mlima mzima, vyote juu ya dramu moja ya nyuma. Nilipouliza pikipiki ni ya nani, akasema ni ya mkataba. Mwenye mali yuko Tanga mjini.

Kwenu ninyi wenye mali nina neno. Mnaochagua breki si ninyi mnaoshuka nazo. Unanunua mbili au tatu, unaangalia tofauti ya bei, unaona kwamba kwa ile ya dramu hesabu za kila siku zitarudisha fedha yako mapema. Umepiga hesabu ya petroli, ya tairi, ya bima. Hesabu ya mguu wa kijana wa watu hukuipiga. Ukilala hospitali miezi mitatu na nyonga iliyovunjika, ndugu zako watauza shamba. Naye ana ndugu pia.

Sitaki kuidhulumu dramu. Inavumilia vumbi na tope, breki shuu zake ni rahisi, fundi wa kijijini huzibadilisha chini ya mwembe kwa spana mbili. Kwa gurudumu la nyuma inatosha, wala sigombani na anayeiweka pale. Diski nayo inataka matunzo: mafuta yake hunyonya unyevu hewani na yafaa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi, na pedi feki ni hatari kama breki shuu feki. Lakini wanaoniambia kwamba watu wetu hawawezi kutunza diski nawauliza, hao hao si ndio wanaofungua injini nzima njiani na kuifunga tena?

Na mambo mengine hayahitaji hata diski. Tangu Aprili 2019, sheria ya India inataka kila pikipiki mpya inayozidi cc 125 iwe na ABS, yaani mtambo unaozuia gurudumu lisijifunge likateleza; na zilizo chini ya hapo angalau ziwe na mfumo wa kuunganisha breki, ambapo ukibana moja zinashika zote mbili. Mfumo huo wa pili unafungika hata kwenye dramu, kwa waya na vipande vichache vya chuma. Pikipiki nyingi tunazopanda zinatoka India na China. Kama uhai wa Mhindi mwenye pikipiki ya cc 100 unastahili waya ule, wa kijana wa Soni una kasoro gani?

Kiwanda huuza kile kinachoruhusiwa. Kwa hiyo namgeukia mwenye ruhusa. Shirika la Viwango Tanzania na wenzao wa Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi wana uwezo wa kuketi pamoja na kuandika kwamba pikipiki isiyo na breki zilizounganishwa haitashushwa Dar es Salaam wala Mombasa. Bandari hizi mbili ndizo zinazolisha nchi zilizo bara, kwa hiyo neno moja likisemwa huko litafika Kigali na Bujumbura. Na tusijibiwe kwamba ajali haina kinga. Breki ni kinga, imetengenezwa iwe kinga, na sisi ndio tulioiacha kiwandani ili bei ishuke kidogo.

Nawe uliye dukani, usingoje kikao hicho. Mwambie muuzaji aishushe pikipiki kwenye stendi, isukumwe kwa nguvu, kisha ubane mkono wa mbele peke yake: shoku zizame na gurudumu ligome. Kama aina unayoitaka inauzwa kwa dramu na kwa diski, na fedha zako zinafika kwenye ya dramu tu, rudi nyumbani ungoje mwezi mmoja au miwili. Keria utachomelewa baadaye na fundi yeyote wa mtaani. Kugeuza dramu ya mbele kuwa diski kunataka rimu nyingine, shoku nyingine na mkono mwingine wenye mafuta yake, na sijamwona fundi wa Mombo anayeweza kukufanyia hayo yote kwa ile tofauti ya bei uliyoikwepa dukani.