Vifo vya uzazi: tumetoka 556 hadi 104, je, dada yangu yumo?

 

Leo mnivumilie, nitaandika kirefu kidogo. Jambo hili ninalo moyoni tangu Februari 2025, siku tulipokaa nyumbani tukaona kwenye TV Rais Samia akikabidhiwa tuzo ya Goalkeepers ya taasisi ya Gates, pale Dar es Salaam. Sababu ya tuzo ilitajwa wazi: vifo vya akina mama vinavyotokana na uzazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 (utafiti wa mwaka 2015/16) hadi 104 (utafiti wa 2022). Watu ukumbini wakapiga makofi. Na mimi nilipiga, sioni aibu kusema. Nchi hii mwaka 2004/05 ilikuwa na 578, mwaka 2010 ikashuka hadi 454, halafu tukapanda tena. Kwa hiyo 104 si jambo dogo.

Pembeni yangu alikuwa amekaa dada yangu. Akaniuliza, "Hivi na mimi nimo humo?"

Sikuwa na jibu. Elimu yangu ni kidato cha nne na hesabu nilipata D, mnajua wenyewe. Lakini naandika andika magazetini, nina watu wa kuwauliza, nikaanza kufuatilia namba hii inapatikanaje. Kumbe ule utafiti wa 104 unafanyika hivi: wanaingia nyumba kwa nyumba, wanamuuliza mwanamke kuhusu dada zake wa tumbo moja. Wako wangapi? Wako hai? Aliyekufa, alikuwa mjamzito, alikuwa anajifungua, au alikuwa na kichanga? Kutokana na majibu hayo ndiyo wanapiga hesabu ya miaka kadhaa iliyopita. Yaani hesabu nzima inategemea wadogo na wakubwa wa mtu! Nikapenda sana, maana hata asiye na cheti cha kifo anahesabiwa, na kijijini vyeti vya kifo ni vya wachache.

Ila njia hiyo ina mipaka yake. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa, kwa hesabu zao tofauti, waliikadiria Tanzania kuwa na vifo 238 kwa mwaka 2020. Ni zaidi ya mara mbili ya 104. Wote wawili wanakubaliana kwamba vimeshuka sana, wanachotofautiana ni vimefika wapi. Mimi sioni kama kuna anayedanganya hapo, ni vipimo viwili. Anayesimama jukwaani anataja kimoja tu, basi.

Sasa turudi kwenye swali la dada. Siku watafiti wakija kwetu, mdogo wetu wa kike ataulizwa, naye atajibu "dada yuko hai". Wataandika, wataondoka. Ngoja niwape kisa chake ndipo mtaona kilichobaki nje ya dodoso.

Ilikuwa Februari 2024, msimu ule wa mvua za El Nino. Dada alikuwa na mimba ya kwanza, miezi nane. Kaolewa kijijini upande wa Bahi, na kutoka pale mpaka geti la Bunge hazifiki kilomita 100. Kijiji sikitaji wala zahanati siitaji, maana nesi wa pale bado tunamhitaji, na mwenyewe ndiye aliyetuokoa. Wiki nzima dada alilalamika kichwa kinauma na miguu imevimba mpaka ndala haziingii. Mama akasema mimba ya kwanza ndivyo ilivyo. Kliniki alikwenda, lakini siku hiyo mashine ya presha haikufanya kazi, betri zimeisha. Akarudi na Panadol. Betri jamani, hizi hizi za redio!

Kabla ya hapo alikuwa ameshauriwa aende akasubirie uchungu kwenye chigonela, zile nyumba za wajawazito zilizo karibu na hospitali (kugona kwa Kigogo ni kulala, kwa hiyo ni mahali pa kulala tu). Akakataa. Msiharakishe kumlaumu. Ulikuwa wakati wa palizi, mtama umeshasimama, shemeji yuko peke yake shambani. Na chigonela chakula unakwenda nacho mwenyewe, na ni lazima uwe na ndugu wa kukupikia. Ukiondoa watu wawili shambani mwezi wa pili, mwezi wa nane utakula nini? Wanaopanga mambo haya wakiwa ofisini nadhani hawajawahi kupalilia.

Usiku akakakamaa, akatoa povu, akajing'ata ulimi. Jirani mmoja akasema ni mapepo, bibi mwingine akaleta dawa ya kufukiza. Hapo ikapotea saa nzima. Shemeji ndiye aliyekimbia kumwamsha nesi. Nesi alipofika aliuliza swali moja tu, "Kichwa kilikuwa kinamuuma?" Wakasema ndiyo. Akajua ni kifafa cha mimba.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu watu wengi hawajui. Kifafa cha mimba si kile kifafa cha kuzaliwa nacho, wala si uchawi. Ni presha inayopanda kwa sababu ya mimba, mara nyingi na protini inaonekana kwenye mkojo, mwisho ubongo unashindwa. Dalili zake ni kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, maumivu ya juu ya tumbo, kuvimba mpaka usoni na mikononi. Dawa ipo na si ya kisasa hata kidogo: magnesiamu salfeti. Mwaka 2002 ulitoka utafiti mkubwa wa nchi nyingi ulioonyesha kwamba mwenye dalili za awali akipewa dawa hii, hatari ya kupata degedege inapungua kwa zaidi ya nusu. Bei yake si ya kutisha. Tatizo ni kwamba manesi wengi wa zahanati wanaiogopa. Ikizidi inaweza kumfanya mgonjwa ashindwe kupumua, hivyo aliyewahi kuitumia mara moja tu maishani anaona bora aandike rufaa, ampakie mgonjwa, akadungiwe mbele ya safari. Kumbe mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema dozi ya kwanza itolewe hapo hapo, ndipo mgonjwa asafirishwe. Nesi wetu mkono ulikuwa unatetemeka, shemeji alimwona. Lakini alidunga, tako la kulia na la kushoto. Daktari aliyempokea dada alituambia sindano zile ndizo zilizomfikisha akiwa hai.

Kisha akapiga 115. Hii ni namba ya m-mama, mfumo uliozinduliwa kitaifa hapa Dodoma Aprili 2022 baada ya kujaribiwa kanda ya ziwa. Unapiga bure, kituo cha mkoa kinaangalia gari la wagonjwa liko wapi, likiwa mbali anaitwa dereva wa kawaida wa maeneo yale aliyesajiliwa, anabeba mgonjwa na analipwa kwa simu. Mama halipi. Mimi kwa kweli huu mfumo nausifu. Ukimuuliza mtu wa Chemba au Mpwapwa zamani walibebaje mjamzito usiku, atakwambia machela ya vitanda na baiskeli.

Dereva alikuja. Alifika korongoni akasimama. Maji yalikuwa yanapita kama treni.

Waliosoma jiografia wanajua mito ya huku kwetu. Miezi minane ni mchanga mtupu, watoto wanachezea mpira humo, halafu mvua ikinyesha huko milimani hata kwenu bila tone moja, dakika ishirini baadaye hapapitiki. Walikaa ng'ambo, dada amelala siti ya nyuma, nesi amemshika ulimi usirudi, tangu saa saba usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri.

Sasa nisikilizeni. Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba mama anauawa na ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Kila semina ya afya nchini wanataja hizo tatu. Sawa. Ila kila kifo cha mama kinatakiwa kitolewe taarifa ndani ya saa 24 na kukaliwa kikao kujua kilisababishwa na nini, na kwenye kikao hicho wanakaa madaktari, manesi na watu wa maabara. Injinia wa TARURA yuko wapi? Barabara za vijijini ziko chini yao tangu 2017. Kifo kiko Wizara ya Afya, korongo liko TAMISEMI, na kalavati linasubiri bajeti. Nesi ataulizwa kwa nini alichelewesha rufaa, lakini maji hayaulizwi.

Hospitalini walimpasua haraka. Mtoto hakulia.

Dada akaanza kuvuja damu, kizazi kimegoma kukaza. Hii ndiyo inayoongoza kuua akina mama, kuliko hata kifafa. Na hapa kuna habari nzuri ambayo sijui kwa nini haikutangazwa kwa spika. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti unaoitwa E-MOTIVE, hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa Tanzania, akina mama zaidi ya 200,000. Walichofanya ni kumwekea mama mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo chini yake, damu inaingia humo, nesi anasoma kama anavyosoma chupa ya soda. Ikifika mstari wa hatari vinafanyika vyote kwa pamoja: kukanda kizazi, oksitosini, dawa ya kugandisha damu, dripu, na kukagua inatokea wapi. Hakuna kusubiri hiki kikishindwa ndipo kije kile. Matatizo makubwa ya kuvuja damu yalipungua kwa asilimia 60! Kabla ya mifuko hiyo wakunga walikuwa wanakadiria kwa macho, na macho yalikuwa yanakosa karibu nusu ya akina mama. Oktoba 2025 Shirika la Afya Duniani likashusha kiwango: usisubiri nusu lita, ikifika mililita 300 na mama mapigo yanakwenda mbio au presha imeshuka, anza tiba.

Plastiki. Nchi ina fedha za kununua plastiki.

Oksitosini nayo inataka baridi, nyuzi 2 hadi 8. Sasa fikiria zahanati ya Dodoma mwezi wa kumi na moja, umeme umekatika siku mbili. Unadunga maji.

Dada alihitaji damu chupa mbili, benki ilikuwa na moja. Hapa nitawagusa wengi. Kwa miaka mingi damu ya nchi hii imebebwa na wanafunzi wa sekondari na vyuo. Mimi mwenyewe nilitoa Form Four nilipotimiza 18, nikapewa soda na biskuti, na tangu nimalize shule sijatoa tena. Wangapi tuko hivyo? Shule zikifungwa damu inapungua, na akina mama hawazai kwa mihula. Siku ile mimi kundi halikulingana. Aliyetoa ni kijana wa bodaboda aliyemleta mama yangu kutoka stendi, hatumjui, alisikia tunalia akauliza kuna nini.

Kwa hiyo jibu la swali ni hili: kwenye 104 dada hayumo, kwa sababu hakufa. Na mtoto hayumo, kwa sababu namba ile ni ya akina mama. Madaktari wana jina kwa watu kama dada, walionusurika chupuchupu, na wanasema kwa kila anayekufa wako wengi wa namna hiyo. Figo zimeumia, kizazi kimetolewa, wengine wanabaki na fistula baada ya uchungu pingamizi. Waliojifungulia vituoni walikuwa asilimia 63 mwaka 2015/16, wakafika 81 mwaka 2022, na sifa hiyo ni ya haki. Swali linalofuata ni wanakuta nini humo ndani, na ningependa wabunge waliokaa kilomita chache kutoka korongo lile waliulize bajeti ya afya ikisomwa, na waliulize pia ikisomwa ile ya TAMISEMI.

Dada ana mimba tena. Aliyewahi kupata kifafa cha mimba anaweza kukipata tena, hivyo safari hii kliniki alianza mapema, wamempa aspirini ya dozi ndogo kila siku na vidonge vya kalsiamu, presha anapimwa kila anapokwenda. Mashine ya zahanati ina betri, shemeji ndiye aliyezinunua, nane, nne za akiba. Tarehe yake inaangukia katikati ya mvua kama mara ile. Mwezi mmoja kabla anahamia kwangu hapa Chang'ombe, nina chumba kimoja, nitalala kwa mshkaji. Palizi tumekubaliana nitakwenda mimi, ingawa mama anacheka, anasema jembe nimelisahau.