Lubudi isisubiri frigo ya sumaku

Kobalti inayochimbwa Fungurume, katika eneo la Lubudi, inajulikana kwa betri za magari. Wachache wanajua kwamba madini hayo huchanganywa pia, kwa kiasi kidogo, na lantani, chuma na silikoni kutengeneza kitu kinachopata joto kikisogezewa sumaku, kisha kinapoa sumaku ikiondolewa. Ndivyo inavyofanya kazi frigo ya sumaku: maji huzungushwa yakiondoa lile joto, bila kompresa wala gesi.

Wazo lenyewe si jipya. Mwaka 1976 Mmarekani G. V. Brown alilijaribu kwa gadolini, na mwaka 1997 Pecharsky na Gschneidner wa maabara ya Ames walitangaza mchanganyiko wenye nguvu zaidi. Mwaka 2015 kampuni ya Haier ilionyesha huko Las Vegas kabati la kupozea mvinyo. Mvinyo! Hadi leo frigo hiyo haijawa bidhaa ya duka la kawaida, maana sumaku zake za neodimi ni ghali na kila mzunguko hushusha digrii chache tu.

Ni kweli gesi za sasa zinachafua anga, na makubaliano ya Kigali ya Oktoba 2016 yanadai zipunguzwe. Lakini anayemwambia mama muuza samaki wa Lubudi asubiri sumaku anamchezea. Frigo hiyo nayo inakula umeme, na umeme ndio unaokosekana. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yamekuwa yakizalisha tangu miaka ya 1950, kwanza kwa ajili ya migodi. Laini ya Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, inapita juu ya vijiji vilivyo gizani.

Chanjo nyingi zinataka nyuzi 2 hadi 8, usiku na mchana. Frigo za jua zinazotunza baridi kwenye barafu, bila betri, zipo tayari. Pesa nayo ipo: sheria ya madini ya 2018 inazidai kampuni za migodi asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa ajili ya jamii zinazozizunguka. Wanaosimamia fungu hilo waanze na vituo vya afya vya vijijini, kabla ya ukumbi mwingine wa mikutano, na watenge sehemu ya kufundisha mafundi wawili watatu katika kila ukanda wa afya, pamoja na vipuri vyao.