Chakula cha imbwa cha dukani: sisi wa Kibombo kinatuhusu nini?

Huku Kibombo imbwa anakula mabaki ya bugali. Kwa wazungu, chakula chake ni biashara kubwa. Kampuni Mars ya Marekani ndiyo yenye Pedigree, Whiskas na Royal Canin, hii ya mwisho ilianzishwa na mganga wa wanyama huko Ufaransa mwaka 1968. Mwaka 2017 Mars ilinunua pia VCA, yenye mamia ya hospitali za wanyama. Basi, anayetibu na anayeuza chakula wanaweza kuwa na bosi mmoja.

Kwetu shida ni ingine: chanjo. Kichaa cha imbwa kikishaonyesha dalili, mtu karibu kila mara anakufa. Mbele ya kutamani chakula cha mfuko, tuulizie chanjo. Ukiumwa na imbwa, osha kidonda na maji na sabuni dakika 15, kisha kimbia hospitali.