Kadi ya Mkopo: Tuisome Fomu Kabla ya Kuitia Sahihi

Ndugu wanachama, baadhi yenu mmefika ofisini kutaka barua ya Chama ya kuthibitisha mavuno yenu, ili muipeleke benki pamoja na fomu ya kuombea kadi ya mkopo. Barua hizo tumezizuia kwa muda. Twajua kuwa jambo hili limewaudhi wengine, na maneno yaliyosemwa barazani yametufikia. Ni haki yenu kuuliza sababu, na ni juu yetu kuieleza.

Kwanza tuondoe mchanganyiko. Kadi ziko namna mbili, na sura zao zafanana. Moja hutoa fedha zako mwenyewe ulizoweka benki. Ukiwa huna kitu, haitoi kitu. Hiyo hatuna neno nayo, bali twaisifu, maana mtu aliyelipwa karafuu zake hana haja ya kusafiri na bunda la noti kutoka Wete mpaka Mkoani. Ya pili ni ile ambayo benki hukulipia kwanza, nawe ukawa mdeni wake. Hiyo ndiyo tunayoisema hapa.

Kadi hii ilibuniwa kwa ajili ya mtu wa mshahara. Mwaka 1958 Bank of America ilipoianzisha katika mji wa Fresno, California, iliwapelekea watu kadi kiasi cha 60,000 kwa posta, bila ya wenyewe kuziomba. Wengi walishindwa kulipa, na benki ikapata khasara mwanzoni. Na hao walikuwa watu wa Marekani, wengi wao wakipokea kipato kila mwezi! Sisi je? Mkarafuu haujui tarehe thelathini. Tuna mavuno ya vuli na mavuno ya mwaka, na kila aliyezaliwa shambani ajua kuwa mti uliozaa sana safari hii huenda ukapumzika safari ijayo. Mwenye duka au ng'ombe wa maziwa hapana shaka hupata chochote kila mwezi. Lakini mwenye mikarafuu mitupu, mwezi ambao hapana hata konyo juani, atalipa nini?

Tupige hesabu. Tuseme mtu amechukua shilingi 1,000,000 kwa kadi, na riba ni asilimia 3 kwa mwezi. (Kila benki ina kiwango chake, huu ni mfano tu.) Karatasi ya hesabu humwambia kuwa akilipa asilimia 5 ya deni kila mwezi, yatosha. Mwezi wa kwanza alipa 50,000, akalala usingizi mzuri. Walakini katika hizo, 30,000 ni riba. Deni limepungua 20,000 tu. Akienda hivyo miezi kumi na miwili bila kukosa hata siku moja, atakuwa ametoa kiasi cha shilingi 538,000, na bado adaiwa 785,000 hivi. Na yule atakayesema, "Nitangoje mavuno, nilipe kwa mkupuo," baada ya miezi tisa atakuta deni limefika 1,304,000, mbali na faini za kuchelewa.

Wapo watakaotujibu kuwa kadi hutoa siku za bure, ambazo mtu akilipa deni lote ndani yake hatozwi riba. Ni kweli. Lakini kwa kawaida siku hizo ni za manunuzi ya dukani. Ukitoa fedha taslimu kwa kadi ya mkopo, riba huanza kuhesabiwa siku ile ile, na juu yake kuna ada ya kutolea. Basi nasi twauliza: mkulima ataka mkopo wa nini khasa? Ataka kulipa wapaliliaji na wachumaji. Na mchumaji akisha kupimiwa pishi zake jioni, ataka chake mkononi, hapokei kadi. Kwa hiyo matumizi yetu makubwa ndiyo yale yale ambayo kadi huyatoza ghali kuliko yote.

Hukumu ya riba mwaijua, na masheikh wapo wa kuieleza kuliko sisi. Sisi twataka kukumbusha jambo jingine katika Suratul Baqara. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni aya ya deni, nayo yaamrisha deni la muda maalumu liandikwe, pawe na mwandishi na mashahidi. Tazama neno muda. Deni la kadi halina muda. Ukilipa kidogo, laachwa liendelee. Ukimaliza nusu, wakaribishwa kukopa tena. Mkopo mwingine wowote, hata uwe mchungu, una siku ya mwisho ambayo mtu aweza kuihesabu kwa vidole.

Wazee wetu walikuwa na bei khiyari. Mtu mwenye shida "alimuuzia" tajiri shamba lake kwa khiyari ya kulikomboa, kisha akabaki humo humo akilipa kodi. Jina lilikuwa bei, na malipo yaliitwa kodi, lakini kila mtu alijua kilichokuwamo. Bei ya karafuu ilipoanguka miaka ya mwanzo ya 1930, madeni yaliwaelemea wenye mashamba hata serikali ya wakati ule ikalazimika, mwaka 1934, kutoa sheria za kuzuia mashamba yasihamie kwa wakopeshaji. Leo twasikia majina mapya: ada, huduma, makato. Sisi twasema ipimwe karafuu, siyo gunia.

Hatusemi kuwa mkulima asikope. Kupalilia hakungoji, na shamba lililoachwa msituni haliwezi kuchumwa vizuri. Lakini na aombe mkopo ambao malipo yake yamewekwa wakati wa mavuno. Na asiyetaka riba aulize murabaha. Benki ya Watu wa Zanzibar, iliyoanzishwa 1966, ina huduma za Kiislamu, na siyo pekee. Hata huko, bei ya kununulia na bei ya kuuziwa ziandikwe zote mbili. Kadhalika jihadharini na mikopo ya simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za kukopesha zilizokuwa zikifanya kazi bila idhini.

Mwenye kipato cha kila mwezi, anayesafiri, na ana moyo wa kulipa deni lote kila mwezi, huyo akiomba kadi hatutamzuia. Mtu huyo twamjua, si wengi.

Basi Kamati imekata shauri hivi. Barua zitatolewa kuanzia Jumatatu ijayo, lakini kila mwombaji aje na fomu yake nzima, pamoja na yale maandishi madogo ya nyuma. Tutaisoma naye kwa Kiswahili: riba ni kiasi gani kwa mwezi na kwa mwaka, ada ya mwaka, faini, na benki yaweza kukata wapi akishindwa. Kisha ataandika kwa mkono wake mwezi gani atalipa na kwa fedha ipi. Akiisha kuandika, barua yake ataipata siku hiyo hiyo, hata kama sisi hatukubaliani naye. Bibi na mabwana wasiosoma herufi za Kizungu waje asubuhi, kabla ya saa nne, kabla ofisi haijajaa watu.