Nyumba mpya Mpanda zikaguliwe saa tisa alasiri

Tangu Katavi imegwe kutoka Rukwa na kuwa mkoa mwaka 2012, nyumba ya kupangisha mjini Mpanda imekuwa akiba ya wengi wenye mitaji midogo. Anayenunua nyumba iliyomalizika karibuni kule Nsemulwa, Ilembo au Misunkumilo huoneshwa vigae, geti na bati la rangi. Haoneshwi joto. Hilo ni kosa la kibiashara, maana vigae hulipiwa mara moja, ilhali joto hulipiwa kwa luku kila mwezi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Katika bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo asiyezidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi aliwekwa daraja la Sh 100 kwa uniti. Akizidi wastani huo, huhamishiwa daraja la Sh 292, kabla ya kodi. Chukua mpangaji mwenye jokofu dogo, taa, televisheni na pasi, anayetumia uniti 65. Analipa Sh 6,500. Nyumba ikiwa tanuri, ataongeza feni mbili za dari za wati 70 kila moja. Zikizunguka saa 10 kwa siku, zinakula uniti 42 kwa mwezi. Sasa ana uniti 107, na akishahamishwa daraja analipa Sh 31,244. Hizo Sh 24,744 za ziada zingeweza kuwa kodi ya mwenye nyumba. Kiyoyozi hakijatajwa bado.

Wapo wanaosema gridi ya Taifa imemaliza tatizo. Ni kweli Mpanda iliteseka kwa miaka mingi na jenereta za dizeli za TANESCO. Lakini njia ya kilovoti 132 kutoka Tabora ni habari ya uhakika wa umeme, si ya bei. Bei ya uniti ni moja nchi nzima.

Mpanda iko takriban nyuzi 6 kusini mwa Ikweta. Mwanzoni mwa Oktoba, mvua zikiwa bado hazijaanza, jua la adhuhuri hupita juu ya paa kabisa. Bati ndilo linalobeba mzigo wote, na hewa iliyo kati ya bati na dari isipokuwa na pa kutokea, joto hushuka vyumbani hadi usiku. Kwa hiyo mnunuzi atazame kama kuna matundu yenye wavu chini ya mapaa na kwenye pembe za kenchi. Mafundi wengi huyaziba ili nyumba ipendeze.

Mbaya zaidi ni mtindo wa paa lililofichwa nyuma ya ukuta. Nyumba hizo hazina mapaa marefu ya kukinga kuta, na zinauzwa ghali kwa sababu ya sura. Paa linalotokeza sentimeta 60 hutia kivuli karibu mita nzima ya ukuta wa kaskazini adhuhuri ya Juni. Jua la asubuhi na la jioni halizuiliki hivyo, ndiyo maana kuta ndefu na madirisha makubwa yafaa yaelekee kaskazini na kusini.

Madirisha nayo yana hila. La aluminiamu la kuslaidi hufunguka nusu tu, na wavu wa mbu hupunguza hewa inayobaki. Chumba chenye dirisha moja upande mmoja hakipitishi hewa hata likiwa pana. Kipimo cha bei nafuu ni kijiti cha udi: kiwashwe katikati ya chumba, milango na madirisha yakiwa wazi. Moshi ukisimama, hewa haipiti. Jiko lifanyiwe hivyo hivyo, kwani mkaa bado unapikiwa ndani, na sumu yake haina harufu.

Hofu ya mbu na wezi ni ya haki, lakini wavu na nondo huitibu bila kuziba nyumba.

Ukaguzi ufanyike saa tisa alasiri, Septemba au Oktoba, milango ikiwa imefungwa tangu asubuhi. Mnunuzi aguse dari kwa kiganja. Ikichoma, gharama ya matundu, dari na madirisha ya kufunguka yote ikadiriwe na fundi, kisha ikatwe kwenye bei kabla ya hati kusainiwa. Muuzaji anayetaka nyumba ionwe saa mbili asubuhi tu aulizwe sababu.